Mtu mwema asiyeamini achomwe milele? Tujadili bila matusi

Mleta mada
Wakuu habari za muda huu. Najua hii mada itawasha watu ila imenikaa kooni toka tulipomzika baba mkubwa huko Muheza wiki mbili zilizopita, nisipoitoa sitalala.

Ukoo wetu ni wa mchanganyiko kama koo nyingi za Tanga, upande wa bibi Waislamu, upande wa babu walibatizwa zamani misheni ya Magila kwahiyo ni Waanglikana, na sikukuu zote mbili tunakula pilau sufuria moja. Baba mkubwa yeye hakuwa upande wowote. Alikuwa dresa wa zahanati, enzi za sindano za kioo zile za kuchemsha kwenye jiko la mafuta ya taa, na kastaafu bila nyumba ya maana kwasababu nusu ya mshahara ilikuwa inaishia kwa wagonjwa. Hakunywa, hakusengenya mtu. Tatizo lake moja tu, alikuwa anasema wazi kwamba haamini. Sio kwamba alikuwa anatukana dini za watu, hapana, jumapili mama mkubwa akienda kanisani yeye ndo alikuwa anampigia pasi gauni.

Nilishawahi kumuuliza. Akaniambia mwanangu nimejaribu, mwaka ule wa surua niliomba kila usiku huku nawafunika watoto wa watu shuka, asubuhi naendelea kuomba, kuna siku nikagundua naongea peke yangu. Hakusema kwa hasira, alisema kama mtu anayekwambia redio imepoteza stesheni.

Sasa msibani. Kanisa likasema haliwezi kumzika mtu asiye mshirika, msikitini hata hatukwenda kuuliza. Maiti iko ndani, turubai limefungwa, viti vya plastiki vimejaa hadi barabarani, watu wanaangaliana nani atasema neno. Mwisho mwenyekiti wa kitongoji akasimama akasoma wasifu, halafu bibi mmoja akachota udongo akasema huyu kanizalisha watoto wanne na hajanidai hata yai. Basi, tukafukia. Usiku kwenye matanga ndugu yetu mmoja aliyeokoka akafungua Isaya 64:6, matendo yetu yote ya haki ni kama nguo iliyotiwa unajisi, kwahiyo tusijidanganye, marehemu yupo anakostahili. Anasema hayo mama mkubwa amekaa palepale. Mama hakujibu kitu, aliendelea kuchambua mchele.

Mimi naamini Mungu yupo na nasali, msinirukie. Swali langu ni hili, mtu kaishi miaka 79, tuseme kila siku alikosea, hiyo milele inapatikana kwa hesabu gani? Na kuamini ni kitu cha kuamua tu kama kuchagua shati asubuhi?

Mlokole wa Mbagala
Pole kwa msiba mkuu. Ila tusichanganye huruma na kweli. Umetaka hesabu nakupa hesabu. Ukimtukana jirani mtagombana yataisha, ukimtukana hakimu mahakamani unalala ndani, tusi ni lilelile ila uliyemtukana sio yuleyule. Sasa umemkosea Mungu asiye na mwisho halafu unataka adhabu iishe jumatatu? Na hiyo "mtu mwema" mmeitoa wapi, Warumi 3 inasema hakuna mwenye haki hata mmoja. Alikuwa mwema kwenu. Yohana 3:18 asiyeamini amekwisha kuhukumiwa, sio atahukumiwa, AMEKWISHA. Yule mwizi msalabani hakumchoma mtu sindano hata moja na akaahidiwa peponi siku hiyohiyo. Haikuandikwa ili tuipende.

Mleta mada
Mfano wa hakimu una tobo. Mtoto wa miaka mitano akimtukana hakimu hafungwi, maana hajui anaongea na nani. Kwahiyo kosa linapimwa na kwa aliyekosa pia sio kwa aliyekosewa tu. Na Luka 12 Bwana mwenyewe kasema mtumwa aliyejua mapenzi ya bwana wake atapigwa sana, asiyejua atapigwa kidogo. Kidogo, mkuu. Nionyeshe kidogo ya milele ni ipi.

Mlokole wa Mbagala
Baba mkubwa wako sio mtoto wa miaka mitano. Kaoa mkristo, biblia iko kabatini, kengele ya kanisa anaisikia. Huyo alijua.

Ustadh wa Kariakoo
Assalaam alaykum kwa wanaoipokea, wengine habari zenu. Swali hili kwetu aliliuliza Bibi Aisha mwenyewe, mke wa Mtume, lipo kwenye kitabu cha hadithi cha Sahih Muslim. Kabla ya Uislamu kulikuwa na mtu Makka anaitwa Ibn Jud'an, anaunga udugu, analisha masikini, Bibi Aisha akauliza je hayo yatamfaa? Mtume (s.a.w) akajibu hayatamfaa, kwani hakuwahi hata siku moja kusema Mola wangu nisamehe makosa yangu siku ya malipo. Angalieni kilichomkwamisha ni nini, mtu hakuomba msamaha.

Lakini msikimbie na hapo tu. Qur'an 17:15 Mwenyezi Mungu haadhibu mpaka apeleke mtume. Imam Ghazali, mwanazuoni mkubwa aliyefariki 1111, akawagawa wasio Waislamu mafungu matatu, ambao habari haikuwafikia kabisa, ambao iliwafikia imepotoshwa wakaambiwa huyo Mtume ni mwongo, na ambao ukweli uliwafikia ulivyo wakaupa mgongo. Mafungu mawili ya mwanzo wana udhuru, kesi ni ya hao wa tatu. Na kuhusu kudumu, wanazuoni walio wengi wanasema moto wa makafiri hauna mwisho, Ibn al-Qayyim (kafariki 1350) alileta hoja kwamba unaweza kuja kuisha na akapingwa sana. Mimi nipo na wengi. Ila kumtaja mtu kwa jina kwamba fulani yuko motoni hiyo siwezi, haijawahi kuwa kazi ya mwenye kanzu.

Msee wa Umoja
Sasa wazee, hapa Nairobi tunawasoma. Mimi ni mmoja wa hao mnapangia moto. Na tuko wengi kuliko mnavyodhani, sensa ya 2019 huku Kenya ilihesabu zaidi ya watu laki saba hawana dini, nyinyi Bongo hata hamjui mko nao wangapi maana sensa yenu iliwacha kuuliza dini baada ya 1967. 2016 chama cha wasioamini kilipewa usajili hapa, mwaka haujafika nusu ukasimamishwa.

Moto wenu haunitishi, siwezi ogopa mbwa sijawahi sikia akibweka. Kenye hunishangaza ni jirani yangu wa kanisa. Jumapili ananiambia nitachomwa, jumatatu ananiachia mtoto aende chama. Sasa kama kweli unaamini mimi ni mtu mbaya mpaka nachomwa bila kikomo, mtoto unaniachia aje? Huyo mama haamini hiyo kitu. Anaisema tu.

Dada wa Ubungo
Msee umenigusa. Mimi nimeokoka, mama yangu ni Muislamu, kanilea peke yake kwa vitumbua, saa kumi usiku nasikia chuma kinagonga jiko najua ada ya shule inatafutwa. Nilimuuliza mchungaji wangu, imeandikwa huko hakuna machozi, mama akiwa motoni mimi nitakuwa nacheka nini? Akafikiria akasema Mungu atakufutia kumbukumbu. Nikarudi nyumbani nikiwaza, nikifutiwa mama, vitumbua, lile jiko, sasa huyo atakayekuwa anaimba kule mbinguni ni nani? Mimi simjui.

Msabato wa Same
Ndugu zangu mnagombania moto ambao Biblia haina. Mhubiri 9:5 wafu hawajui neno lo lote, kwahiyo sasa hivi baba mkubwa hachomwi na wala hayuko popote, amelala. Siku ya mwisho Malaki 4 inasema waovu watakuwa majivu chini ya nyayo. Majivu hayapigi kelele. Yuda mstari wa 7 inasema Sodoma iliadhibiwa kwa moto wa milele, haya nendeni leo mkaangalie kama unawaka. Cha milele ni matokeo, sio mateso.

Mlokole wa Mbagala
Mathayo 25:46, hao watakwenda katika adhabu ya milele bali wenye haki katika uzima wa milele. Milele ni hiyohiyo mara mbili mstari mmoja. Ukiifupisha huku na kule umeifupisha.

Msabato wa Same
Mtu akinyongwa adhabu yake haina mwisho, harudi. Haimaanishi ananyongwa kila siku.

Mkatoliki wa jumuiya
Sisi kanisa letu limetembea safari ndefu kwenye hili jambo na tusione aibu kusema. Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Firenze 1442 ulitamka kabisa wapagani, Wayahudi na wazushi wataingia moto wa milele wasipojiunga na Kanisa kabla ya kufa. Ukija 1964, Mtaguso wa Vatikano ya Pili kwenye hati yake ya Lumen Gentium namba 16, wasioijua Injili bila kosa lao wakafuata dhamiri zao wanaweza kupata wokovu, na waliotajwa pale ni pamoja na ambao hawajafika kumjua Mungu waziwazi. Wapo watakaowaambia mafundisho hayajabadilika yamefafanuliwa tu. Haya, mimi nasoma zote mbili naona kuna kitu kimesogea.

Mwezi wa nne 2018 Papa Fransisko alitembelea parokia moja ya pembezoni mwa Roma, mtoto mdogo akasimama kwenye maikrofoni aulize swali akashindwa kwa kulia, Papa akamwita aje amnong'oneze sikioni. Baba yake kafa, hakuwa anaamini, lakini aliwabatiza watoto wake wote wanne, je yuko mbinguni? Papa akawageukia wale watoto wengine akawauliza, Mungu anaweza kumwacha baba kama huyo? Wakapiga kelele hapanaaa. Akamwambia mtoto, umesikia jibu lako.

Mlokole wa Mbagala
Kwahiyo siku hizi mafundisho ni kura za watoto 😂

Mbeba boksi
Niko Marekani, jimbo la Oklahoma. Huku alikuwepo askofu mmoja wa kipentekoste, Carlton Pearson, mweusi, kanisa lake Tulsa lilikuwa linajaza maelfu kila jumapili. Miaka ya 90 yuko nyumbani na binti yake mchanga anaangalia tivii, wanaonyesha wakimbizi wa Rwanda, watoto wamevimba matumbo, mama zao hata nguvu ya kunyonyesha hawana, akili yake ikamwambia hawa wanakufa bila Yesu moja kwa moja jehanamu. Anasimulia kwamba alianza kumgombeza Mungu pale kwenye kiti, na kilichomjia ni kwamba hawa hawaendi kuingia jehanamu, wapo ndani yake tayari. Akaanza kuhubiri kwamba wote wameokolewa. Waumini wakaondoka hadi wakabaki mamia tu, jengo likaenda, 2004 maaskofu wenzake wakamtangaza mzushi. Kafariki 2023. Sisemi alikuwa sahihi, mimi mwenyewe sijui, nasema tu swali la mleta mada limewahi kumgharimu mtu kanisa zima, na lilianzia kwa watu wa huko kwetu.

Mleta mada
Nimesoma zote. Mlokole umeleta Mathayo 25:46, sasa panda juu, anzia mstari wa 31. Mstari wako ndo hitimisho la kesi, lakini kesi yenyewe inahusu nini? Nilikuwa na njaa, nilikuwa na kiu, nilikuwa uchi, nilikuwa mgonjwa mkaja kunitazama. Sijaona pale anaulizwa mtu uliamini nini. Na wale walioingia wenyewe wanashangaa, Bwana ni lini tulikuona? Maana yake walikuwa wanamhudumia na hawajui kama ni yeye. Sasa mimi nina dresa aliyekuwa anatoka saa nane za usiku na kibatari kwenda kuzalisha na hajui anamhudumia nani.

Ustadh, nimekuelewa na nashukuru kwa adabu yako. Ila hiyo ya fungu la tatu, la waliopewa ukweli wakaupa mgongo, mzee wetu hakugeuka, aliomba hadi sauti ikaisha.

Mlokole wa Mbagala
Hao "ndugu zangu walio wadogo" wa mstari wa 40 hapohapo, wafafanuzi wengi wanasema ni wanafunzi wake, sio kila mgonjwa. Na andiko haliui andiko. Lakini tuachane na mistari. Mleta mada nijibu kitu kimoja, kama mtu anaweza kufika kwa wema wake, Msalaba ulikuwa wa nini? Mungu alimtoa mwanae apigwe misumari kwa jambo ambalo dresa wa Muheza angelimaliza na sindano?

Mleta mada
Hapo umenikamata, jibu la harakaharaka sina. Labda msalaba unafanya kazi hata kwa mtu asiyejua, kama chanjo, mtoto mchanga hajui amechomwa nini na surua haimpati. Ila najua utaniambia mtoto ana mama wa kumpeleka kliniki.

Na mimi nakuuliza moja. Juzi jioni mama mkubwa kanipigia, akazungukazunguka na habari za mahindi, mwisho akaniuliza mwanangu, hivi mimi nilichelewa kumwombea baba yako? Nikamwambia hujachelewa mama. Sijui nilitoa wapi mamlaka ya kusema vile. Sasa Mlokole, simu hiyo ingekuwa yako ungemwambia nini? Usinijibu mimi, jibu kama unaongea na yeye.

Mlokole wa Mbagala
Ningemwambia pole mama.

Mlokole wa Mbagala
Andiko halijabadilika lakini. Ila usiku ule wa matanga nisingesoma.

Mleta mada
Sawa mkuu. Arobaini tutafanya, ukoo umebishana wiki nzima kama mtu asiye na dini anafanyiwa, mama mkubwa akasema wageni lazima wale. Ukipata nauli karibu Muheza.