Mtoto wa kaka yangu na lugha mbili: je, Kihispania kiachwe ili Kiingereza kije?

ShangaziWete:
Asalaam aleikum. Kaka yangu anaishi Houston, Marekani, na mkewe ni mzaliwa wa Meksiko. Mtoto wao ana miaka minne na nusu. Kwa mama yake husema Kihispania, na Kiingereza amekianza hasa alipoingia skuli ya awali. Mwalimu amewaambia kuwa mtoto yuko nyuma katika kusema, apelekwe kwa mtaalamu wa tiba ya usemi, na kwamba ingefaa Kihispania kisimamishwe nyumbani ili asichanganyikiwe. Wifi yangu amevunjika moyo, kwani Kiingereza chake mwenyewe ni cha kuombea maji. Bibi wa mtoto, ambaye yupo hapa Wete, ameshauri akatwe uzi wa chini ya ulimi. Je, ni kweli kwamba lugha mbili ndizo zinazomchelewesha, na mtoto wa namna hii hupimwa vipi?

TibaYaUsemi:
Wa aleikum salaam, dada. Kulelewa kwa lugha mbili hakusababishi tatizo la lugha, na mtoto anayechanganya Kihispania na Kiingereza katika sentensi moja anafanya wanavyofanya watu wazima wa mtaa wake. Mwenye tatizo la kweli huonyesha udhaifu katika lugha zote mbili, na aliye mgeni tu wa Kiingereza huonyesha udhaifu katika Kiingereza peke yake. Kwa hiyo wa kuulizwa kwanza ni wifi yako: kwa Kihispania mtoto husimulia yaliyompata? Watoto wa rika lake humfahamu? Akiambiwa achukue viatu na avipeleke chumbani, hutimiza yote mawili?

Msamiati nao uhesabiwe kwa jumla. Akitaja vitu vya jikoni kwa Kihispania na vya darasani kwa Kiingereza, vyote ni maneno yake. Katika matamshi, Kihispania kina irabu tano kama Kiswahili chetu, na hakina maneno yanayoanza kwa s yenye konsonanti nyuma yake, ndiyo maana mtoto anaweza kutanguliza e katika neno la Kiingereza la skuli. Hiyo ni athari ya lugha ya nyumbani, haihitaji tiba.

Ugumu upo kwenye sarufi. Mtoto mwenye tatizo la lugha huacha viambishi vya wakati vya vitenzi vya Kiingereza, lakini anayejifunza Kiingereza naye huviacha vilevile, hivyo kipimo cha Kiingereza pekee hakiwezi kuwatenganisha. Katika Kihispania mtaalamu hutazama zaidi vijineno vinavyotangulia nomino (kama “el” na “la”) na viwakilishi vya mtendwa, yaani vijineno vinavyosimama badala ya kitu kinachotendwa (kama “lo”). Kipo kipimo kiitwacho BESA, kilichotungwa kwa watoto wa lugha hizi mbili wa kuanzia miaka minne hadi kabla ya kutimiza saba. Sheria ya Marekani ya elimu ya watoto wenye ulemavu, IDEA, nayo inaitaka skuli ya serikali impime mtoto bila malipo na kwa lugha yake, isipokuwa pale isipowezekana kabisa.

Uzi wa ulimi unaweza kusumbua kunyonya, na pengine sauti chache, lakini haumzuii mtoto kujua maneno wala kuunga sentensi. Kabla ya mkasi, masikio yapimwe.

MwalimuMkoani:
Nakubaliana na mengi, ila nina wasiwasi. Huku kwetu mtoto huingia darasani na Kipemba chake, mchana yupo chuoni (madrasa) na Kiarabu, na akinyamaza mwalimu husema atazoea. Muhula unakwisha, kumbe mtoto hasikii vyema. Tena, skuli ya Houston si ya Kiingereza? Kwa nini wasimpe nguvu hicho kwanza?

TibaYaUsemi:
Kuhusu kungoja umesema kweli, mwalimu, na mimi sishauri kungoja. Kuhusu Kiingereza kwanza, siafiki. Mama aliyekatazwa lugha yake hakipati Kiingereza kwa kukatazwa, bali hupunguza maneno, na mtoto hukosa hadithi, maswali, mizaha na hata makaripio ya kila siku. Anayejua kupanga kisa kwa Kihispania huingia na ujuzi huo katika Kiingereza.

ShangaziWete:
Nimempigia wifi. Anasema hata kwa Kihispania hukatakata sentensi, na binamu zake wa rika moja humwacha mchezoni kwa kuwa hawamwelewi.

TibaYaUsemi:
Basi apimwe haraka, wala Kihispania kisiguswe. Ikithibitika, tiba ifanyike kwa lugha zote mbili, na asipopatikana mtaalamu anayejua Kihispania awepo mkalimani. Wifi akaombe kuingia chumba cha tiba atazame: mara nyingi ni kitabu cha picha kisicho na maandishi, na mtoto akisema “mbwa kimbia”, mtaalamu humrudishia sentensi nzima, “ndiyo, mbwa anakimbia barabarani”, bila kumkosoa wala kumlazimisha arudie. Hilo wifi atalifanya nyumbani kwa Kihispania chake, wakati wa kuoga na wa kula.

Ombi la kipimo kaka yako aliandike, asiliseme kwa mdomo tu. Ataje lugha zote mbili, na aombe mkalimani wa mkewe katika kikao na skuli.