Tupeane uzoefu: nani hapa Uganda ameomba chuo Marekani bila kutuma alama za SAT (mtihani wa kuingilia vyuo vya kule)?

Wa Tororo (mwanzisha uzi)
Wadau habari zenu. Mdogo wangu yuko S6, mwaka wa mwisho wa sekondari, anasoma PCM (fizikia, kemia na hesabu), wenzake wanamwambia bila SAT asijisumbue na Marekani. Inaniuma sana maana watoto wenye akili wanakata tamaa hata fomu hawajafungua. Mimi niliomba kipindi cha korona, vituo vya mtihani vimefungwa, vyuo vingi vikasema mwenye alama atume asiye nazo tutamwangalia kwa mengine, nikapata. Na hii haikuanza na korona, Bowdoin wameifanya hiari tangu 1969, University of Chicago tangu 2018, na University of California wao hata ukituma hawaziangalii wakati wa kuchagua. Ila MIT waliirudisha 2022, Dartmouth, Harvard na Caltech wakafuata 2024, kwa hiyo usitegemee habari za mtu aliyeomba zamani kama mimi, soma tovuti ya chuo chenyewe kwa mwaka unaoomba wewe.

Kilichonibeba ni barua ya mwalimu wangu wa fizikia. Aliyoandika kwanza ilikuwa mistari minne, nina nidhamu, nina bidii, sijawahi kupewa adhabu, basi. Nikamwomba kwa heshima, mwalimu, naomba uwaelezee ile pampu tuliyoifungua pale nyuma ya maabara ikakataa kurudi mpaka nikagundua valvu imewekwa kichwa chini. Akacheka, akavuta kiti, akaandika kurasa mbili, mpaka swali nililomuuliza siku ile alikuwa analikumbuka. Huna SAT? Basi hizo karatasi za shule ndizo zitakazokusemea, zianze mapema.

Dada wa Arua
Asante kaka kwa kuanzisha. Mimi shida ilikuwa kufika tu, kituo kiko Kampala, ni usiku kucha ndani ya basi, ulale kwa watu, ada yenyewe ni ya dola, na siku hizi SAT inafanywa kwenye laptopu na laptopu nyumbani hatuna. Nikaomba vyuo ambavyo ni hiari tu.

Kilichonisumbua kuliko vyote ni kalenda. UACE, mtihani wa kumaliza S6, tunafanya Novemba, matokeo yanatoka mwaka mpya ushaanza, na dedilaini nyingi ni mwanzo wa Januari, sasa unatuma nini? Unatuma UCE (mtihani wa S4), ripoti za shule na alama za makadirio, yaani zile walimu wanazotegemea utapata. Nilipomwambia DOS wetu (mkuu wa taaluma) habari za makadirio akashangaa, shule haikuwahi kumwandikia mtu kitu kama hicho, ikabidi tukae naye na mwalimu wa kila somo tupitie moku (mitihani ya majaribio) moja moja, muhuri ukapigwa siku ya mwisho kabla ya likizo. Wadogo zangu, shule ikishafungwa muhuri hupati! Kitu kingine, hata Harvard wanaodai SAT, wameandika kwamba kwa mtu ambaye kweli hana njia ya kuifanya wanaweza kupokea mitihani ya kitaifa ya kumaliza shule, kwa hiyo soma mpaka yale maandishi madogo ya chini.

Kijana wa Jinja
Mimi nilikubaliwa bila SAT lakini skolashipu kubwa ya hicho chuo (sikitaji) ilidai alama. Hiyo sikuambiwa na mtu. Kukubaliwa na kupewa hela ni milango miwili, ulizeni yote kwa imeili kabla ya kuomba.

Mwalimu, Mbale
Wanangu, naongea kama mtu anayeziandika hizi barua. Msomaji wa kule haijui UACE. Akiona C anadhani mtoto ni wa kawaida, wakati sisi tunajua C ya hesabu imetoka wapi. Kwa hiyo kila barua naiambatanisha na karatasi moja inayoeleza kwamba A ni pointi 6, B 5, C 4, D 3, E 2, O 1, kwamba masomo makuu ni matatu tu, General Paper (karatasi ya maarifa ya jumla) pointi moja na sabusidiari (somo dogo la nyongeza) moja, jumla haivuki 20, na mtoto huyu ameshika nafasi ya ngapi kati ya wangapi. Kama hakuna SAT ya kumlinganisha na mtoto wa Texas, hiyo nafasi ya darasani ina uzito mkubwa, na shule nyingi hazina habari kabisa kwamba zinatakiwa kuiandika. Mpelekeeni mwalimu wenu maelezo hayo yakiwa tayari, ana madarasa mengi, hatakataa.

Binti wa Fort Portal
Shikamoo mwalimu. Je, nikisubiri matokeo yatoke ndio niombe, nitaonekana nimekaa bure?

Mwalimu, Mbale
Marahaba binti. Hapana, wengi wanafanya hivyo, na kwa mwenye makadirio ya wasiwasi mimi ndicho ninachomshauri. Matokeo yakitoka chukua slipu yako ya matokeo, fundisha wadogo hapo kijijini au saidia dukani, yaandike hayo hayo kwenye fomu, halafu Agosti anza insha ya maombi. Maneno 650 ni mengi kuliko unavyodhani.

Wa Tororo
Mwalimu, hiyo karatasi ya pointi naomba uiweke hapa kama inawezekana, mdogo wangu anaipeleka kwa hedimasta Jumatatu.