Ushauri: mstari wa "tiki za buluu" kwenye wimbo wa harusi, niutoe?

Wakuu, habari za jioni. Niko Ngamiani, Tanga. Mchana nashona nguo, usiku natungia mashairi kikundi chetu cha taarab. Tuna harusi Makorora wiki ijayo na ubeti huu wa tiki za WhatsApp (zikiwa buluu, ujumbe umesomwa) umeniletea balaa:

*Tiki mbili za buluu, umesoma na kuhama,*
*Roho yangu iko juu, jibu lako limekwama.*

Kiongozi wetu, mzee wa watu, hataki kusikia. Anasema mapenzi ni barua, simu haina harufu ya mkono wa mtu. Halafu dada wa bwana harusi alipita mazoezini, akasikia, akanuna. Kumbe mchumba wake humsoma asimjibu. Wallahi sikujua! Niutoe?

Kisimani: Usitoe hata herufi. Huyo aliyenuna ndiye atakayekuja kutunza. Atapita na noti zake mbele ya anayemshuku, polepole, mkono juu. Taarab bila mtu wa kujiona ndani yake ni kelele tu.

Mla Samli: Na mzee mwambie taratibu, kwa adabu: Black Star na Lucky Star wa hapahapa Tanga walipopiga taarab kwa gitaa la umeme, mbona hatukusema udi umekufa? Barua ilikuwa ya wakati wake. Leo mtu anakosa hela ya dagaa lakini bando la WhatsApp analo.

Bint Chuda: Mimi nina shida na ufundi wenyewe. Tiki za buluu zipo tangu 2014, na wajanja wameshazizima. Mie nimezima, mume wangu hajui kama nimesoma au nimelala 😂 Na ukizima, na wewe huoni za wenzio. Kinachoua ni tiki moja ya kijivu: ujumbe haujafika. Kazima simu? Bando limekata? Kakubloki? Hapo ndipo mtu anapolala na simu kifuani.

Kisimani: Bint Chuda umeua. Ndiyo fumbo hilo.

Mleta uzi: Asanteni. Nimebadili:

*Tiki moja ya kijivu, umezima, umehama?*
*Roho yangu ni majivu, jibu lako limekwama.*

Mzee kaguna, kisha kaomba nimwonyeshe hiyo tiki kwenye simu yake. Dada wa bwana harusi kaja leo kuchukua gauni, nikamwimbia. Kanitazama: "Na hiyo ya kijivu umemlenga nani?"