Ati siko seli inatibiwa na virusi vya ukimwi, ni kweli?

bintishela
Assalam aleikum. Naulizia mtoto wa dadangu, tuko naye hapa Malindi, ana miaka tisa na ana siko seli, huu ugonjwa wa damu wa kurithi. Kusi ikianza kuvuma na ile baridi ya usiku, maumivu yamshika miguuni na mgongoni, macho yawa manjano, alia mpaka sauti yakauka. Sasa shemeji kaona video ati Marekani kuna tiba mpya lakini watumia virusi vya HIV, na tangu siku hiyo hataki hata kusikia habari ya kliniki, asema wataka kumtia mtoto ukimwi. Anayejua anifahamishe tafadhali.

mtuwalabu
Waaleikum salaam dada. Tiba hiyo ipo, yaitwa Lyfgenia, ilipitishwa Marekani Disemba 2023. Na kirusi chake kweli kimetokana na HIV, manake HIV ana uwezo wa kuingia kwenye seli akapachika jeni zake ndani ya DNA ya mtu zikakaa humo humo. Mwaka 1996 kina Luigi Naldini pale Salk Institute, California, walionyesha unaweza kuutumia uwezo huo kupeleka jeni unayoitaka wewe, hata kwenye seli ambazo hazigawanyiki. Jeni za kumfanya azaane zatolewa, hata ganda la nje labadilishwa, avishwa protini ya kirusi kingine cha mifugo. Aingia mara moja, aacha jeni ya himoglobini (ile protini ya damu ambayo kwa mwenye siko seli ina kasoro), basi, hawezi kujizalisha. Tena mtoto hadungwi kirusi, ni seli zake za damu zatolewa, zatiwa jeni maabara, kisha arudishiwa. Kitu kimoja mwambie shemeji mapema asije akashtuka: aliyetibiwa hivyo akipimwa HIV kwa PCR, yaani kipimo cha kutafuta jeni za kirusi, kipimo chaweza kusema anayo ilhali hana, sababu kile kipande kilichopachikwa chaonekana.

mlamu_asili
Sawa lakini tusimpe dada matumaini hewa. Tiba yenyewe ni ya kuanzia miaka 12, bei dola milioni 3.1, na kabla ya kurudishiwa seli mgonjwa apigwa kemo kali ya kuua uboho wake wa zamani. Na ina onyo la saratani ya damu. Hili si la kupuuzwa, Ufaransa miaka ya mwanzo ya 2000 watoto waliozaliwa na upungufu wa kinga ya mwili walitibiwa kwa kirusi cha aina nyingine, cha panya, baadhi yao walipata lukemia, yaani saratani ya damu, kwa sababu jeni ilitua pabaya.

mamake_salma
Mimi nna binti ana siko seli. Dadangu hiyo ya Marekani iwekeni kando, cha leo ni haidroksiurea, dawa ya siko seli. Utafiti wake ulifanywa hapa hapa Kilifi pamoja na Uganda, Kongo na Angola, majibu yalitoka 2019, watoto walipungukiwa maumivu, malaria na kuongezwa damu. Usiku wa baridi mvalishe soksi na sweta, maji mengi, na kliniki asikose hata baba akinuna.

bintishela
Shukran sana, nimemsomea shemeji yote. Kauliza kitu kimoja tu, hiyo haidroksiurea ina kirusi ndani?

mtuwalabu
Haina. Ni dawa ya kumeza, haina kirusi wala haipachiki jeni yoyote. Ila sharti apimwe damu mara kwa mara kwa sababu yaweza kushusha chembe nyeupe, na kipimo cha dawa daktari ndiye hukipanga kwa uzito wa mtoto.