Mshahara wa muuguzi Leicester na London: kinachobaki mkononi

Ndugu wanajumuiya,

Nimepata nafasi mbili za uuguzi katika hospitali za umma nchini Uingereza, moja Leicester kwa pauni 40,000 kwa mwaka, nyingine London ya ndani kwa pauni 48,000. Mume wangu na mtoto wetu wa miaka saba watanifuata kutoka Nakuru. Naomba mnaoishi huko mnieleze kama hizo 8,000 za ziada zina uzito wowote.

*

Dada, karibu sana.

Wauguzi wa umma wa daraja moja hulipwa viwango sawa England nzima, ila wa London ya ndani huongezewa asilimia 20 kwa ajili ya ughali wa mji. Kwa familia ya watu watatu, mimi naona nyongeza hiyo haitoshi. Pauni 12,570 za kwanza hazikatwi kitu. Zinazofuata, kwa mishahara ya kiwango hiki, hukatwa asilimia 20 za kodi ya mapato na 8 za Bima ya Taifa, yaani mchango wa lazima wa hifadhi ya jamii, hivyo Leicester utabaki na takribani 2,690 kwa mwezi na London takribani 3,170, kabla ya pensheni, ambayo nayo makato yake si madogo. Tofauti ni pauni 480 hivi. Nyumba ya vyumba viwili vya kulala hapa Leicester hupatikana kwa kama 1,000, ilhali London ya ndani hata 2,000 mara nyingi hazikufikishi, labda ukubali kukaa mbali na kulala kwenye treni.

Hata hivyo, usihesabu kwamba tofauti yote ya pango utaiweka akiba. Zamu za usiku katika mji kama huu zitakudai gari, na leseni ya Kenya hutumika miezi 12 tu tangu uhamie, baada ya hapo sharti ufanye mtihani wa hapa. Bima ya mwaka wa kwanza, kwa dereva asiye na rekodi nchini, inaweza kukaribia bei ya gari kuukuu lenyewe. Ipo pia kodi ya halmashauri, inayotozwa kila nyumba na serikali ya mtaa, ambayo kwa kawaida hulipwa kwa awamu kumi kuanzia Aprili hadi Januari, na sisi wengi Februari na Machi ndipo tunapolipia deni la gesi ya kupashia nyumba joto wakati wa baridi.

Chakula hakitakusumbua. Wahindi waliotoka Kenya, na Uganda baada ya kufukuzwa mwaka 1972, ndio waliofungua maduka mengi ya Belgrave Road. Mihogo na ndizi mbichi utavipata, na mzee wa kaunta huenda akakuuliza kwa Kiswahili unatoka wapi.

*

Shikamooni wakubwa.

Mimi niko London na hesabu hiyo siipingi, lakini dada hakutuambia mume anafanya kazi gani. Kama atakubali kazi ya ghala, maghala yamejaa ukanda huo wa Leicester. Kama ni mtu wa fedha au sheria, mshahara wake ndio utakaoamua, na nafasi zake nyingi ziko huku.

Jingine ni kuingia kwenye nyumba. Amana kwa sheria haizidi pango la wiki tano, ila mawakala wengi humtaka mgeni awe na mdhamini anayeishi Uingereza. Kabla hujatia saini, mwulize mwajiri kwa maandishi kama atakudhamini, au kama ana nyumba za wafanyakazi za kuanzia.