Tupeane uzoefu: minyoo wa chambo mnawawekaje wasife kabla ya kuvua?

Mshipi wa Mtongwe
Waungwana, salaam. Naomba tupeane uzoefu kwenye jambo moja tu, minyoo wa chambo, hawa wengine huwaita daa. Si kamba, si ngisi; hao ukiwatia barafu umemaliza. Nazungumzia mnyoo mzima, anayejinyonga ukimvisha ndoana, ambaye samaki kama chaa na changu hawampiti.

Shida yangu ni hii. Bamvua likifika, yaani siku za maji makubwa, maji hapa kwetu Mombasa hukupwa sana mnamo saa nne, saa tano asubuhi, jua lishapanda. Hapo ndipo matope yanapofunuka na ndipo unapochimba. Lakini mimi navua usiku, tena napenda siku za maji mafu, na siku hizo maji hayatoki vya kutosha kuchimba kitu. Kwa hivyo sina budi kuwaweka siku nne, tano. Jumamosi iliyopita nilichimba kama sitini, nikawatia kwenye ndoo yenye maji ya bahari hadi nusu, nikafunika, nikaweka uani. Kufungua magharibi, harufu! Maji meupe kama tui, minyoo wamelegea wote. Niliumia sana, maana mgongo ulikuwa bado unaniuma kwa kuinama. Mwenzangu, wewe unafanyaje?

Bin Kisauni
Pole sana ndugu yangu. Kwani waliokatika na jembe walikuwa wangapi?

Mshipi wa Mtongwe
Kama kumi hivi. Nilisema nitaanza na hao, nikawachanganya na wazima.

Bin Kisauni
Basi hapo ndipo. Aliyekatika huvuja damu na ute, anaoza kati ya wenzake, na maji ya ndoo iliyofunikwa hayana hewa ya kuwatosha wote. Mimi hubeba vyombo viwili tangu matopeni. Aliyekatika hata ncha ya mkia haingii kwa wazima. Huyo ni wa kuvulia leo leo, au natia chumvi.

Mama wa Mikindani
Mwanangu, mimi nachimba na kuwauzia wavuvi mwaka wa kumi na moja sasa, nikueleze ninavyofanya.

Kwanza jembe. Ukilipiga karibu na tundu utamkata tu. Mimi hupiga mbali kidogo, nikageuza donge zima, kisha nalivunja kwa mikono polepole. Mnyoo akionekana nusu usimvute, atakatika. Mfunulie tope pande zote mpaka atoke mwenyewe. Hiyo kazi ya dakika moja ndiyo inayokupa siku tano za uhai wake.

Pili, nikifika nyumbani nawaosha kwa maji ya bahari, tope lote litoke. Usiwaoshe kwa maji ya mfereji hata kidogo.

Tatu ni chombo. Ndoo ina kina, na wao wanalala chini wamerundikana, wa chini hapati hewa. Mimi natumia beseni pana la plastiki, maji yawafunike mgongo tu, kimo cha kucha ya kidole gumba. Maji yakiwa machache katika chombo kipana, hewa inawafikia. Beseni moja halizidi minyoo thelathini. Naliweka chini ya kitanda cha kamba, kwenye sakafu ya saruji, kitambaa kilicholowa juu. Asubuhi na jioni nayamwaga, natia mengine. Kila nikibadilisha nawagusa mmoja mmoja kwa kidole: mzima hujikunja hapo hapo na rangi yake inang'aa kama shaba, mgonjwa amepauka, ananata, ukimgusa anachelewa. Huyo namtoa papo hapo hata kama hajafa, simsubiri.

Na jambo la mwisho, mnisamehe kulisema kwa ukali. Mkichimba, fukieni mashimo. Wengine wanakatakata mizizi ya mikoko wakaacha mahandaki, kesho maji yakija yanabeba udongo wote. Pahali nilipoanzia mimi hapachimbiki tena leo.

Ngalawa Mbili
Ahsante mama. Naongeza kwenye chombo: msitumie karai la bati. Niliwalaza humo usiku mmoja, asubuhi hakubaki hata mmoja. Lile bati limepakwa zinki, na maji ya chumvi huila ikaingia ndani ya maji. Plastiki au kioo, basi.

Kijana wa Tudor
Mimi kosa langu lilikuwa barafu. Joto la mwezi wa tatu mnalijua. Nikaona niwasaidie, nikatia vipande vya barafu ndani ya beseni. Baada ya saa moja walikuwa wamevimba kama soseji, weupe, wengine wamepasuka ubavuni. Barafu ikiyeyuka ni maji baridi yasiyo na chumvi, na mnyoo wa bahari akiyapata anayanywa kwa ngozi mpaka anapasuka. Sasa najaza maji chupa ya soda, nagandisha, nafunga kifuniko barabara, kisha naiegemeza *nje* ya beseni. Ubaridi unapita, maji hayapiti.

Mzee wa Mji wa Kale
Sisi zamani hatukutumia maji kabisa. Tulichukua makumbi ya nazi, tukayachambua, tukayalowesha kwenye maji ya bahari, tukayakamua hadi yabaki na unyevu tu. Minyoo unawatandaza katikati, ndani ya kikapu, unakitundika penye upepo. Siku tatu hawana neno. Mwani pia unafaa, ila kwa joto letu huoza upesi, kisha unawaozesha na wao.

Ngalawa Mbili
Mzee, na friji je? Nasikia Wazungu huwaweka frijini wiki nzima.

Mzee wa Mji wa Kale
Wa kwao wamezoea bahari ya baridi, mwanangu. Bahari yetu hata wakati wa kusi haipungui sana nyuzi 25, na wakati wa kaskazi hukaribia 30. Ukimtoa huko ukamtia kwenye nyuzi nne, hafiki asubuhi. Mimi niliwajaribu, wakakauka kama vijiti.

Bin Kisauni
Maji ya kubadilishia nayo yanataka kuangaliwa. Msichote kandokando ya kivuko cha Likoni, yana mafuta. Na masika, mwezi wa tano, maji ya hori la Tudor yanapungua chumvi kwa mvua. Mimi huteremka upande wa bahari kuu maji yakijaa, najaza mitungi miwili, naweka kivulini.

Kijana wa Tudor
Wageni nao wajue: ndani ya mbuga ya bahari, ile ya upande wa Nyali na Bamburi iliyotengwa tangu 1986, hakuna kuvua wala kuchukua kiumbe, mnyoo akiwemo.

Mshipi wa Mtongwe
Narudi na habari, leo ni siku ya tano. Nilichimba Jumatatu nikageuza madonge kama alivyosema mama, waliokatika walikuwa watatu tu. Thelathini niliwatia kwenye beseni, ishirini kwenye makumbi ya mzee. Makumbi yaliwaweka vizuri mpaka jana, leo asubuhi nimetoa sita waliopauka. Wa beseni wamekufa wanne, wote siku ya pili, nilipochelewa kazini nikakosa kubadilisha maji ya jioni. Waliobaki nimewagusa sasa hivi, wanajikunja wote. Mama, ukiwa na wengine wiki ijayo niwekee ishirini. Usiku huu nashuka na mshipi.