Rubani wa Vasco da Gama: insha yangu imerudishwa, nisaidieni

mtoto_wa_shela
Salamu jamani wa Malindi. Insha yangu ya rubani aliyemtoa Vasco da Gama hapa kwetu mpaka India 1498 imerudi na wino mwekundu, eti nimekusanya nukuu tu hoja haionekani. Mi niliandika ni Ibn Majid, yule baharia maarufu wa Kiarabu, manake tangu praimari ndo tunavyoambiwa na kuna maandishi ya Kiarabu yanasema hivyo hivyo. Sasa wanataka hoja gani tena? Mwisho ijumaa.

kofia_ya_vito
Pole mdogo wangu. Huyo wa Kiarabu ni al-Nahrawali wa Makka, kaandika zaidi ya miaka 50 baadae, tena upande wa Waturuki waliokuwa wakipigana na Wareno, na anasema Ibn Majid alileweshwa ndo akaonyesha njia. Unaona hio? Anamtafuta wa kulaumiwa. Hujakosea kumtumia ila umemtumia kama shahidi wa safari na yeye hakuwepo.

bibi_wa_maktaba
Na shajara ya yule Mreno aliyekuwemo melini umeisoma yote au kipande tu? Isome polepole pale tarehe 22 Aprili, mjumbe wa mfalme wa Malindi anapanda melini, da Gama anamzuia hapo hapo mpaka aletewe rubani, tarehe 24 wanang'oa nanga. Halafu anaandika rubani ni "Mkristo". Sasa kumbuka ni watu hao hao waliofika Calicut wakaingia hekalu la Wahindu wakadhani kanisa!! Kwa hio Mkristo kwao angeweza kuwa Mhindi tu, na Barros, mwanahistoria wa Kireno alokuja kuandika baadae, anamwita Mgujarati, yaani mtu wa Gujarat kule India. Mwanangu hapo kosa la mwandishi ndo linakupa hoja.

kofia_ya_vito
Haswa. Ila bibi, Barros nae anamwita Mwislamu wa Gujarat, si Mhindu. Shajara haisemi alitoka Gujarat, na dini hawakubaliani. Mwambie asilifiche hilo, aliandike.

mtoto_wa_shela
Daah kumbe, mi hilo la mjumbe kuzuiwa nililiruka kabisa nikaandika "urafiki wa Malindi na Wareno" ukurasa mzima 😂 Basi naanza upya, hoja ni kwamba shahidi aliyekuwemo melini anasema Mkristo tu, Barros anaelekeza Gujarat, na jina la Ibn Majid limekuja nyuma. Shukran sana. Shida ni mjomba wangu hutembeza wageni pale kwenye mnara wa Vasco da Gama na kila siku anawapa ya Ibn Majid, sijui ntaanzia wapi kumwambia